Sindano ya Mkono wa Kushoto

Msiitikie Amina bado. Subirini nimalize, halafu kila mtu ataamua mwenyewe kama kuna cha kuitikia.

Mama rais wa kikundi chetu cha sala ameniomba nitoe ushuhuda wa kupona, kwa upole, dakika kumi tu, ili wagonjwa waliokuja leo wapate moyo. Mama, nakuheshimu sana. Lakini upole sina, na dakika kumi hazitanitosha.

Wengi hapa mnanijua. Mimi ni Béatrice, mtoto wa marehemu Papa Kasongo wa reli, nimezaliwa kwenye avenue hii hii, hapa komini ya Kenya, mtaa wa mji huu, siyo ile nchi. Kwa wageni: mimi ni mpiga piano. Siyo ile ya plastiki ya kwaya, hapana. Piano kubwa nyeusi ya mbao, na muziki ulioandikwa na wazungu waliokufa zamani. Ndiyo kazi yangu tangu ujana. Nitajaribu kusema Kiswahili cha shule ili tusikilizane wote. Hasira ikipanda kitatoka kile cha nyumbani, mtanivumilia.

Piano niliingia kwa adhabu. Shuleni kwa masista nilikuwa msemaji darasani, mdomo haufungi, basi Sista Lutgarde akanitoa, akaniweka kando ya piano yake nimfungulie kurasa. Nikichelewa, rula. Nikiwahisha, rula. Siku moja nilifungua ukurasa kabla hajatikisa kichwa, tena kwa wakati wake kabisa, naye akaacha kupiga. "Nani amekufundisha kusoma hii?" Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa naangalia tu, kwa kuogopa rula. Tangu siku ile alinikalisha yeye mwenyewe kwenye kile kiti, na hakuniachia mpaka nilipopata nafasi ya kwenda Bruxelles, kwenye shule ya muziki, miaka saba.

Baba alikuwa ananiuliza, "Ile kitu itakupikia bukari?" Ilinipikia ugali wa kila siku, Baba. Nilipiga Bruxelles, nilipiga Kinshasa, Kolwezi, hata ng'ambo ya mpaka, Ndola. Halafu nikarudi kukaa nyumbani, na avenue nzima ikanicheka. "Bantu banaenda Bulaya kubakia kule, weye unarudia?" Nilirudi kwa sababu mama yangu alikuwa anazeeka na kwa sababu hapa mpiga piano nilikuwa mimi peke yangu. Ukumbi wa mjini ulijaa kwa ajili yangu. Walimu walikuja, mafundi wa migodi walikuja na wake zao wamevaa vizuri, na hata wale wasioelewa kitu walinyamaza mpaka mwisho. Nilijivuna. Ndiyo, nilijivuna sana.

Sasa mjue jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa ujinga wangu. Watu wanadhani kazi ya piano ni vidole. Ni matako, Padri atanisamehe. Saa saba, saa nane kwa siku unakaa juu ya kiti kisicho na mgongo. Kama huwezi kukaa, huwezi kupiga. Mimi nilikuwa natunza sehemu ya kukalia kuliko uso wangu.

Ilikuwa ile miaka mnayoikumbuka. Askari hawalipwi, wakajilipa wenyewe madukani. Wafanyakazi wa migodi wanaambiwa mukae nyumba tutawaita, hawaitwi. Hospitali ilibaki na vitanda bila magodoro, halafu ikabaki bila vitanda. Katikati ya fujo hiyo mimi nilikuwa na siku yangu. Bwana mmoja wa Bruxelles, anayepanga muziki kwenye majumba makubwa, alikuwa anakuja kunisikiliza. Akiridhika, nitapiga Ulaya msimu mzima, miji kumi na miwili. Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Katika kazi yetu, nafasi kama hiyo ukiikosa katika umri ule, hairudi.

Zikiwa zimebaki siku kumi, malaria ikanishika. Mifupa inauma, nafunikwa mablanketi matatu na meno bado yanagongana. Dada yangu mkubwa, Yaya Marceline, yule pale mwenye kitambaa cha kijani, usijifiche Yaya, ndiye aliyeniuguza. Vidonge vya kinini vilikuwepo, nilikuwa navyo mkononi. Yaya akavidharau.

"Vidonge ni ya batoto," alisema. "Sindano njo dawa. Tuite Papa Donat."

Na mimi nilikubali haraka, kwa sababu mimi pia ni mtu wa hapa. Sisi bila kuchomwa hatuamini kama tumetibiwa.

Papa Donat. Naona wengine wameshaanza kuangalia chini. Papa Donat alikuwa infirmier, yaani muuguzi, kazi yake ilikuwa hospitali ya migodi, na baada ya hospitali kufa alizunguka kwa miguu na kisanduku chake cha bati, sindano zimechemshwa vizuri, pamba safi. Nusu ya mlioko hapa amewachoma yeye mkiwa mnanyonya. Wazazi wake walitoka jimbo la Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, yeye mwenyewe amezaliwa hapa, amezeekea hapa.

Alinipima joto, akaniangalia macho. "Béa, kunywa vidonge yako. Hii malaria haiko ya kutisha."

"Papa, niko na concert. Nataka kupona kesho."

Akaguna. Akavuta dawa. "Basi, geuka."

"Hapana. Piga ku mukono."

"Kinini si ya ku mukono, mwana. Njo ya ku matako, na hata kule mpaka na akili."

Nikamwambia nitakaaje saa nane juu ya tako linalouma? Piga mkono, tena wa kushoto. Akaweka sindano chini. Akasema hawezi. Alikataa mara mbili, msikie vizuri, mara mbili. Mara ya tatu nilimpigia kelele, mimi mtoto niliyechomwa na yeye tangu utoto. "Kama unaogopa, sema! Nitaita mwingine mwenye kujua kazi!" Yaya Marceline alikuwepo, ameshika beseni. Mzee wa watu akainamisha kichwa, akapiga.

Moto ulishuka toka juu ya kiwiko mpaka kidole gumba, kama umeshika waya wa umeme. Nilipiga yowe. Alichomoa upesi, lakini dawa ilikuwa imeshaingia nusu. "Aii, mwana," alisema, "nimegusa mushipa." Hakuficha.

Asubuhi homa ilishuka. Nilitaka kushika kikombe cha chai, kikaanguka. Nikaangalia mkono wangu. Kiganja kilikuwa kinaning'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Nikiuambia inuka, hauinuki. Vidole vimekunjika, havinyooki. Pale nyuma, kati ya kidole gumba na cha shahada, nilijifinya kwa ukucha mpaka damu ikatoka, sikusikia kitu. Na pale sindano ilipoingia pakavimba, pakawa peusi, siku ya sita pakapasuka. Usaha ulitoka bakuli nzima, na harufu yake mpaka leo naikumbuka nikipita buchani.

Siku ya concert ilifika nikiwa kitandani. Bwana wa Bruxelles hakuja, ndege zilikuwa zimesimama. Hata ningekuwa na mikono minne ingekuwa bure. Nilicheka kwa hasira mpaka Yaya akadhani nimerukwa na akili.

Na watu walikuja kunipa pole. Mungu wangu, zile pole! "Bahati yako, ni mukono wa kushoto." Wote, mmoja baada ya mwingine, wakitoka mlangoni. Bahati! Nani aliwaambia piano ina mkono wa akiba? Mkono wa kushoto ndio unaobeba kila kitu chini, kama msingi wa nyumba. Ungemwambia dereva bahati yako, umepoteza usukani tu? Mwingine aliniletea mafuta ya kuombewa na kuniambia ni adhabu ya kupiga muziki usiomtaja Yesu. Nilimtupia kopo lake kwa mkono wa kulia, ule uliobaki.

Halafu likaja swali. "Nani alikufanya hivi?"

Nilisema, "Papa Donat."

Basi. Sikuongeza kitu. Na ilikuwa kweli, si yeye aliyeshika sindano? Lakini mnajua majira yalivyokuwa. Mnajua yaliyosemwa kwenye mikutano juu ya watu wa Kasai, kwamba warudi kwao, kama vile wana kwao kwingine. Avenue ilikuwa inatafuta sababu, na mimi niliwapa. Baada ya siku mbili ilikuwa siyo makosa tena, ilikuwa makusudi. "Mu-Kasai alimwonea wivu mutoto wetu. Alimuharibia mukono." Mlikuja saa nne asubuhi, jua linawaka, kila mtu anaona. Mlikuja na fimbo na mawe, mkasimama mbele ya mlango wake. Msiniangalie hivyo. Naweza kuwataja kwa majina, benchi kwa benchi.

Nilikuwa nimesimama kwenye lango letu, mkono umefungwa na kitenge. Papa Donat alitoka na mke wake, wamebeba godoro na kile kisanduku cha bati. Akaniangalia. Alikuwa anangoja. Ningesema maneno mawili tu, "Mimi nilimulazimisha," yangetosha, maana siku zile mlikuwa mnanisikiliza. Yaya naye alikuwa nyuma yangu, naye alijua. Tukanyamaza. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilihitaji mtu. Nikimwondolea yeye ingenirudia mimi, na sikuwa tayari. Wakaenda gare, stesheni ya reli, kule maelfu ya watu walikuwa wanalala nje wakingoja treni ya Kasai. Watoto walikufa pale. Hilo nalo mnalijua.

Sasa nieleze kupona, maana ndicho mlichokuja kusikia.

Docta Mwamba, mama mmoja mfupi, mkali, alikuwa hajalipwa miezi mingi na bado alikuja kazini kwa miguu. Alinisafisha kidonda bila ganzi, hakukuwa na ganzi. Akasema, "Inua kiganja." Sikuweza. Akagonga, akachoma na pini, akanionyesha njia ya mshipa wa fahamu, unavyozunguka mfupa wa mkono mpaka nyuma ya vidole.

"Haukukatika," alisema. "Umeungua na dawa. Utaota tena, lakini unatembea milimita moja kwa siku. Haukimbizwi, hata ukitukana."

"Na nisipongoja?"

"Utangoja, maman. Unafikiri uko na kazi gani ingine?"

Nilimchukia wiki nzima. Lakini alisema jambo lililoniokoa: kiganja kisiachwe kuning'inia, kikikaa hivyo kitagandana, na mshipa ukifika utakuta mlango umefungwa. Kilihitaji chombo cha kukiinua. Hospitali haikuwa nacho. Akanichorea kwenye karatasi, akanituma sokoni kwa Mzee Ramazani, fundi wa viatu, mtu wa Maniema, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe. Alikaa na ile karatasi muda mrefu, akapima mkono wangu kama anayepima mguu. Alikata ngozi ya kiatu, akatia bati ndani, akaweka vipande vya mpira wa tairi kuvuta kila kidole juu. Mara nne nilimrudishia kwa sababu inaniumiza, mara nne alitengeneza upya. "Kiatu chenye kuuma si kiatu," aliniambia, na hakuona cha kujisifu. Ile kitu ilinuka ngozi na jasho. Niliivaa mchana na usiku.

Kila asubuhi nilikwenda kwa masista, kwenye piano ya ukumbi, mchwa wamekula mguu mmoja tukaweka tofali. Nilijifunza kitu cha ajabu: kugonga niliweza, kuinua sikuweza. Kidole kikishuka kinabaki pale. Sauti zote zinalia pamoja, fujo tupu, kama soko. Nilizoea kufunga mfuniko kwa nguvu na kutukana kwa lugha tatu. Sista Lutgarde, alishakuwa kipofu wakati ule, alikuwa anasema kutoka kwenye kiti chake, "Umemaliza kutukana? Anza tena."

Mwezi wa tano tangu ile sindano, naosha uso, kiganja kikainuka. Kidogo tu, upana wa kidole. Nilikaa chini kwenye maji nikalia. Mwezi wa nane vidole vitatu vilinyooka. Kidole gumba kilingoja mwaka na zaidi, na kilipoamka kiliuma usiku na mchana, nikashukuru kwa ule uchungu. Mwaka wa pili nilipiga mbele ya watu, hapo hapo kwa masista, kwenye piano yenye tofali. Nyuzi nne zilikuwa zimekatika, nilijua ni zipi, nikazikwepa. Watu walisimama wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Donat aone haya!" na ukumbi ukacheka. Nikainama, nikashukuru makofi. Kwa hilo pia nilinyamaza.

Miji kumi na miwili sikuipata tena. Niliandika barua, wakanijibu kwa adabu, halafu hawakujibu. Lakini nilipiga. Ndola tena, Johannesburg, Kinshasa, hata Bruxelles mara moja, ukumbi mdogo. Nimefundisha watoto wa mji huu wengi. Mkono huu umefanya kazi miaka mingi kuliko kabla ya kuugua.

Mwaka huu waliniita nipige Mbuji-Mayi, kule Kasai, kwenye ukumbi wa misheni. Nilipomaliza, mzee mmoja alikuja mbele, anashikiliwa na binti yake. Nilimtambua kwa mwendo. Hakunisalimu.

"Leta mukono," alisema.

Nikampa. Akavua miwani, akaugeuza, akatafuta lile kovu kwa kidole. "Inua." Nikainua. "Kaza." Akasukuma chini kwa nguvu zake zote za kizee, mkono haukushuka. "Kidole gumba." Nikainua. "Muzuri," alisema. "Mushipa ulirudi."

Nikapiga magoti mbele ya watu wote. "Papa Donat, unisamehe. Mimi nilikulazimisha, na nikanyamaza."

"Mambo ya kusamehe nilimaliza na Mungu zamani," alisema. "Bibi yangu, mama ya batoto yangu, alikufa huku akiniuliza kama mulango yetu bado iko ya buluu. Basi uniambie weye: nani analala mu nyumba yangu?"

Nilimwambia. Hakupandisha sauti. Akasema tu, "Kabla ya kuniomba mimi, nenda useme kule ku avenue."

Ndiyo nimesema. Shukrani zangu ziende kwa Docta Mwamba, kwa Mzee Ramazani na kwa Sista Lutgarde, wote wamelala, Mungu awapokee. Na ninyi mlioleta watoto wenye miguu iliyokufa kwa sindano za kinini, nawaona mko wengi: mtoto akiweza kumeza, ameze kidonge. Sindano ikipigwa na moto ukatambaa, pigeni kelele ichomolewe. Fungeni kile kiungo kisining'inie, na kila siku mkikunje na kukikunjua, hata kama hakijibu. Mshipa unatembea hata kama hamuuoni. Msikate tamaa. Na mkiulizwa ilikuwaje, semeni yote.

Papa Donat anafika Jumamosi na binti yake. Nyumba ile ya matofali, mlango bado ni wa buluu, nimepita asubuhi nikaangalia. Yaya Marceline, umekaa humo tangu wiki ile waliyofukuzwa, ulisema unailinda. Mimi pia nililala humo miezi, mkono wangu juu ya mto wao, kwa sababu kwetu paa lilikuwa linavuja. Watoto wako wamekulia humo, najua. Chumba changu kiko, mtakaa kwangu wote. Nakupenda Yaya, uliniogesha nilipokuwa siwezi kujiogesha.

Simama sasa. Twende tukaanze na kabati.